Shingo Isiyo na Kitu

Jino ndilo lililoanza, au mimi nilidhani ni jino. Gego la juu, upande wa kulia, lilikuwa linacheza kama msumari kwenye ubao uliooza. Nikaenda kwa daktari wa meno, akaling'oa, akaniwekea pamba, na mchana ule ule nikarudi karakana kwangu Scarborough, Toronto, kumalizia kabati za jiko la mteja mmoja wa Markham. Tundu la jino likakataa kuziba. Wiki zikapita, leso ina damu, shavu limekufa ganzi, jicho la kulia linachuruzika machozi kama nakatiwa vitunguu. Mke wangu akasema, "Unangoja uso uanguke sakafuni ndipo uende hospitali?" Nikaenda.

Kansa. Ilikuwa imejaa kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, kando ya pua, mahali ambapo mimi na uzee wangu sikujua kama pana uwazi. Na ilikuwa imeshavunja ukuta na kutoka nje. Daktari aliuliza kazi yangu. Nikamwambia mbao. Tangu lini? Tangu sijaota ndevu. Akaandika muda mrefu. Baadaye binti yangu akanieleza kwamba vumbi la mbao ngumu, likiingia puani miaka na miaka, linatajwa sana kwenye ugonjwa huu. Nimevuta mninga, nimevuta mvule, huku Kanada nikavuta mwaloni. Sijutii. Nimesoma mpaka darasa la tatu, Korogwe, na vumbi hilo hilo limenijengea nyumba mbili, moja kule na moja Pickering, na limenisomeshea binti mpaka akapata kazi ya ofisini yenye kiti kinachozunguka.

Hayo ni ya mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Wakanipasua. Walitoa nusu ya taya la juu pamoja na kaakaa la upande ule, wakaacha shimo linalotoka kinywani mpaka puani. Shimo lile linazibwa na kitu kama meno ya bandia, chenye kichuguu juu yake. Wenyewe wana jina lao refu. Mimi nilikiita kizibo. Bila kizibo maneno yote yanapitia puani na hakuna anayekuelewa, hata mkeo. Ukikivaa unasema kama mtu.

Kizibo cha kwanza kilinikwaruza pembeni. Mimi ni fundi. Kitu kikibana, unakipunguza. Nikashuka kwenye benchi langu chini ya nyumba, nikachukua msasa laini, nikakipiga kidogo, nikakijaribu, nikakipiga tena, mpaka kikaingia bila maumivu hata kidogo. Nikapanda juu nimefurahi, nikaomba chai. Chai yote ikatokea puani, ikalowesha kitambaa cha meza.

"Umekifanya nini?" mke wangu akauliza.

"Nimekirekebisha."

"Kwa nini hasa?"

"Kwa msasa. Laini."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kule hospitali, mama aliyekitengeneza hakucheka. Alikigeuzageuza mkononi, akasema maneno mengi kwa haraka. Nikamwuliza binti yangu anasemaje. Binti akajibu, "Anasema ni vizuri usirudie." Sura ya yule mama haikuwa ya mtu anayesema vizuri usirudie. Lakini nikamwelewa bila mkalimani. Mtu mwingine angegusa kabati langu kwa msasa wake ningemfukuza karakana.

Nimeanza na kisa hiki ili mjue vitu viwili. Mke wangu ni mtu wa kunicheka. Na binti yangu, akitafsiri, anapunguza.

Kidonda kilipokauka ikaja zamu ya mionzi. Daktari wa mionzi alikuwa kijana mwembamba, viatu vyake havijaona rangi siku nyingi. Nilimpenda kwa jambo moja: aliongea akinitazama mimi, si binti. Kiingereza changu kinatosha kununua mbao na kugombana juu ya vipimo. Kwa ugonjwa hakitoshi, kwa hiyo binti alikaa kati yetu.

Daktari akaanza. Akagusa shavu lake mwenyewe, akashuka na kidole chini ya taya, akateremka shingoni, upande huu na upande ule, mpaka kwenye mfupa wa bega. Akawaza, akaendelea. Akageuza kiganja juu, kisha chini. Kwa muda ule ungeweza kunywa kikombe kizima cha chai ya moto bila haraka. Mwisho akamtazama binti yangu.

Binti akasema, "Baba, watachoma pale palipokuwa na ugonjwa. Na shingo pia."

"Shingo ina nini?"

"Haina kitu. Shingo ni safi. Ni kinga tu."

"Ndiyo yote aliyosema?"

"Ndiyo hayo, Baba."

Mtu haongei kikombe kizima cha chai halafu kikatoka kijiko kimoja. Na hakuna anayechoma kitu kisicho na kitu. Nikajifunga koti, na toka saa ile nikajua: kansa imefika shingoni na hawataki kuniambia.

Mtaniona mjinga, kwa hiyo lazima nieleze habari ya kaka yangu.

Miaka kama kumi kabla ya hapo nilipigiwa simu kutoka Korogwe kwamba kaka yangu mkubwa anakonda. Nikapanda ndege. Daktari wa kule alinivuta pembeni mimi, kwa sababu ndiye niliyetoka ng'ambo, na watu hudhani aliyetoka ng'ambo ana kifua cha kubeba. Akasema ni kansa ya ini, imeenea, hakuna la kufanya. Nikamwambia daktari, asiambiwe. Hakushangaa, maana ndivyo tulivyozoea. Mgonjwa anaambiwa jambo dogo, wakubwa wanabeba kubwa. Nikaingia chumbani. Kaka akauliza, "Daktari kasemaje?" Nikamwambia, "Vidonda vya tumbo, kaka. Ini lako safi."

Nilimtazama machoni nikasema hivyo. Na mimi si mwongo.

Basi sote tukawa watu wema. Shemeji aliyekuwa hamalizi siku bila kumgombeza akaanza kumwita baba. Jirani aliyekuwa akigombania naye mpaka wa shamba akaleta samaki. Na kaka yangu, kwa kuwa vidonda vya tumbo haviui, akaagiza miche ya michungwa kutoka Muheza, mia mbili, akaanza kuchimba mashimo kwa mikono ambayo imebaki mifupa. Mimi akanifukuza. "Rudi kazini kwako," akasema, "unakaa hapa kunitazama kama maiti?" Nikarudi Toronto. Alikufa kabla sijamaliza kazi ya mteja wa kwanza. Sikumzika. Miche ilibaki kwenye viriba vya plastiki mpaka ikakauka.

Sasa mimi, niliyesema ini safi, naambiwa shingo safi. Ningeamini vipi?

Na ishara zikaja moja baada ya moja. Mke wangu akaacha kunicheka. Akaanza kuniita mume wangu, jina ambalo kwa miaka yetu yote lilikuwa likitangulia ombi. Sasa lilikuja tupu, bila ombi. "Pumzika, mume wangu." Nyama laini zote zikawa upande wangu wa sahani. Jumanne moja mzee wa kanisa na mkewe wakaja kutoka Brampton na sufuria ya pilau. Pilau, Jumanne! Nani ameoa? Wakakaa kwenye kochi wakiongea kwa sauti ya chini, na walipoondoka mzee akanishika mkono muda mrefu kuliko lazima.

Miadi iliyofuata ilikuwa ya kutengeneza kinyago. Ukichomwa mionzi usoni hutakiwi kutikisika hata kidogo, kwa hiyo wanalowesha karatasi ya plastiki kwenye maji moto, inalainika kama chapati, wanakulaza wanaitandika juu ya uso mpaka inashika umbo lako, kisha inakauka. Siku za kuchoma wanakufunga nayo kwenye meza. Ukutani niliona vimepangwa, vya watu wengine, vya aina mbili. Vifupi vinaishia kidevuni. Virefu vinashuka mpaka mabegani.

Nikamwambia binti, "Mwambie kifupi."

"Baba."

"Shingo sitaki. Ni yangu."

Daktari akaitwa. Akaongea tena, safari hii akigusa meza kwa kidole kila baada ya maneno machache. Binti akatafsiri, "Anasema ni bora ukubali." Kijiko kingine. Nikatikisa kichwa. Daktari hakunilazimisha. Akasema nina siku saba za kufikiri kabla mashine haijaanza, na fundi wake akanitengenezea kile kifupi.

Tukiwa barabarani, kwenye ile 401 iliyojaa magari, binti akaanza kulia.

"Usilie unaendesha."

"Kwa nini unakuwa hivi?"

"Mna siri gani wewe na yule daktari?"

"Siri gani? Baba, siri gani?"

"Imefika shingoni."

"Haijafika!"

"Apa."

"Naapa!"

Mimi pia ningeapa, mbele ya kaka. Nikageukia dirishani.

Siku zile saba sikukaa. Nilikuwa nikikaa, miguu inasimama yenyewe. Nilitembea mpaka ziwani na kurudi, nikafika nyumbani nikageuka nikaenda tena. Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikijipapasa shingo, vidole vinapanda, vinashuka, kila mshipa nauona uvimbe. Nikienda karakana, wafanyakazi wangu wanashusha macho. Siku ya tatu nikang'oa milango yote ya kabati za jikoni kwetu. Nilijiambia bawaba zimelegea. Zilikuwa hazijalegea. Nikaipanga milango sebuleni, nikaanza kuisugua mmoja mmoja, nikaichoka, nikaiacha pale pale, nikatoka kwenda ziwani.

Niliporudi mke wangu alikuwa amesimama katikati ya jiko lisilo na milango, sahani na vikombe vyote vinamtazama. Nikangoja matusi. Siku nyingine zote angenirushia mwiko. Alisema tu, "Utairudisha ukipata nguvu, mume wangu."

Hapo nikajua nakufa.

Kilichonitesa si kufa. Niliona nitakufa kama kaka yangu, nikiagiza miche. Nilikuwa na oda za kazi za mwaka mzima. Nilikuwa nimemwahidi binti kwamba nitamtengenezea kitanda cha mninga akipata nyumba yake. Mtu anayekufa ana haki ya kujua aanze na kipi.

Nilihitaji mtu wa kunisomea makaratasi, na awe mtu asiyenipenda. Anayenipenda angenificha. Nikawaza watu wote ninaowajua Toronto, nikaishia kwa mmoja: mfamasia wa Scarborough, Mhindi wa Tanga, mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Niliwahi kumtengenezea rafu za duka lake la dawa. Siku ya kukabidhi alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasema mbele ya wateja, "Rafu ya juu imepinda." Nikamwambia jicho lake ndilo limepinda. Tangu siku ile dawa zangu nilinunua kwingine, na ilikuwa imepita miaka.

Faili la hospitali binti alilificha kwangu nyuma ya unga wa chapati. Kabati hazina milango, nililiona. Nikalichukua, nikaendesha mwenyewe, jicho moja linachuruzika.

Alikuwa nyuma ya kaunta, amezeeka, koti jeupe lile lile.

"Fundi," akasema. "Nilisikia wamekukata uso."

"Wamekata nusu. Nusu iliyobaki imekuja kukuomba kitu."

"Rafu yangu bado imepinda."

"Nisomee haya. Neno kwa neno. Usinionee huruma."

"Nikuonee huruma wewe? Ulinichelewesha mwezi mzima, na ukaniita kengeza."

Akavaa miwani, akasoma. Akafunua ukurasa, akarudi wa kwanza. Mteja akaja kutafuta dawa ya kikohozi; mfamasia akaniacha nimesimama, akamhudumia mpaka mwisho, akamweleza vijiko vingapi, akamtakia siku njema. Nusura nimshike shati.

"Shingo yako haina kitu," akasema aliporudi.

"Usinidanganye."

"Ili nipate nini? Hii hapa ripoti ya picha. Tezi za shingo, kulia na kushoto, zote za kawaida. Wamepiga kabla ya kukupasua, wamepiga na baada. Mara zote mbili hakuna kitu."

"Sasa kwa nini waichome?"

"Hiyo ni karatasi nyingine. Ngoja." Akailaza kwenye kaunta, akafuata mistari kwa kalamu, na mimi nikafuata kalamu japo sikuelewa. "Barua ya daktari wa mionzi. Anasema ugonjwa wako ulikuwa umefika mbali. Kwa watu kama wewe, wapo ambao shingo ni safi leo, halafu baada ya muda tezi zinavimba. Mbegu zilishapita, ndogo mno, picha haizioni. Nani atavimba na nani hatavimba, hawajui. Anasema madaktari wenyewe hawajakubaliana. Wako wanaochoma mapema, wako wanaoacha na kuitazama. Yeye anaelekea upande wa kuchoma. Lakini hana uhakika."

"Ameandika hana uhakika?"

"Hapa. Na ameandika kwamba amekueleza yote, pamoja na madhara."

"Madhara gani?"

Akanisomea. Mate yatakauka, pengine moja kwa moja. Koo litachubuka. Kumeza kutakuwa shida, huenda nikawekewa mrija wa chakula tumboni kwa muda. Shingo itakakamaa. Ile tezi ya mbele ya koo inaweza kuchoka, nikanywa kidonge maisha yangu yote. Alisoma kwa sauti ile ile aliyotumia kwa dawa ya kikohozi.

"Halafu," akasema, "anamalizia: mgonjwa amesema ameelewa."

"Mgonjwa gani?"

"Wewe."

Tukatazamana. Kisha nikakaa kwenye kile kiti cha kupimia presha, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne kukaa na miguu ikatulia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Lakini kifuani kitu kililegea. Watu wangu walinificha kweli. Ila hawakuficha kifo. Walificha kwamba daktari hajui.

"Asante," nikamwambia.

"Ukipona, njoo na pima maji yako tuilaze kwenye rafu," akasema. "Utaona nani kengeza."

Binti alipokuja jioni alinikuta mezani, faili liko mbele yangu. Akasimama na koti lake.

"Nani amekusomea?"

"Mtu asiyenipenda. Kaa. Kwa nini hukuniambia daktari hana uhakika?"

Akaanza kwa Kiingereza, kama afanyavyo akibanwa. Nikamwambia arudi kwenye Kiswahili. Akarudi, kwa kukwamakwama.

"Nilijua ukisikia hana uhakika, utakataa. Wewe mtu akisema labda, unamfukuza. Umewafukuza wangapi karakana kwa sababu ya labda?"

"Na habari ya mrija?"

"Hiyo nilishindwa. Ningekuambiaje, Baba, mimi mwanao, kwamba utalishwa kwa mrija?"

"Nilikataa kwa sababu ulikuwa na uhakika kupita kiasi. Mtu akiniambia kitu ni safi bila labda hata moja, najua ameshachimba kaburi."

Hakuelewa. Ndipo nikamweleza habari ya baba yake mkubwa, vidonda vya tumbo, miche. Yeye alimjua kama mtu wa kwenye picha, aliyetuma salamu kila Krismasi. Nilieleza mpaka mwisho, na kizibo kikawa kinanisaliti, maneno mengine yanatokea puani. Alisikiliza bila simu mkononi.

Mke wangu alikuwa anasikiliza toka jikoni, maana jiko lilikuwa halifichi tena kitu. Akasema, "Nilijua miche ile itakuja kuota humu ndani."

"Na wewe mbona uliacha kunicheka?"

"Nilikuwa naogopa, mzee we. Ulidhani mimi nimechongwa kwa mti?" Kisha akapandisha sauti, ile sauti yenyewe. "Na hiyo milango utairudisha lini? Kesho wageni wakija waone masufuria yangu yalivyo meusi?"

Nilirudisha milango ile asubuhi yake, yote.

Siku ya saba tukarudi kwa daktari. Nilimwambia binti, "Leo usimeze hata neno. Akikohoa, kohoa." Daktari akaanza upya toka shavuni, akishuka na kidole kama mara ya kwanza, na binti akawa anamfuata, sentensi kwa sentensi, mengine akitafuta neno, mengine akinitazama kabla ya kuyasema. Aliposema mrija aliufunga mkono wake ngumi, lakini alisema. Vikombe viwili vya chai, si kimoja.

Mwisho nikasema, "Mwulize, ingekuwa shingo yake angefanyaje."

"Baba, huku watu hawaulizwi hivyo."

"Mwulize."

Akauliza. Daktari akajikuna shingo, sijui kama alijiona anajikuna. Kisha akasema maneno machache, polepole.

Binti akasema, "Anasema hajui. Anasema anafikiri angechoma. Anasema anaweza kuwa amekosea."

"Mwambie tuchome."

Kinyago kifupi kikatupwa. Nikatandikwa kirefu, cha moto, kikashika taya, kikashika koo, kikashika mabega, na nilipolala chini yake nikiwa nimefungwa kwenye meza sikuweza hata kumeza mate kwa nafasi. Wiki sita na siku zake, kila siku ya kazi. Mtu kama mimi, ambaye hawezi kukaa, nilifungwa uso na shingo nikaambiwa tulia. Nilikuwa nahesabu bawaba kichwani. Kabati lenye milango kumi na miwili, bawaba ishirini na nne, skrubu nne kila moja. Mashine ilikuwa inamaliza kabla sijamaliza jiko la kwanza.

Wiki ya nne koo lilichubuka kama walivyosema. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, kisha ikapasuka. Mrija niliokuwa nauogopa nikaukubali, kwa kichwa tu, maana sauti ilikuwa imekwisha. Mke wangu alikuwa anapitisha uji mwepesi na kunisimanga kwamba ameacha kuweka sukari kwa sababu tumbo halina ulimi. Nilicheka, ikaniuma, nikacheka tena.

Miezi ikapita, mrija ukatolewa. Mate hayakurudi. Natembea na chupa ya maji mfukoni kama mlevi, na ugali naumeza kwa mchuzi mwingi kuliko ugali wenyewe. Ndevu za shingoni hazioti. Gari likirudi nyuma nageuka mwili mzima, shingo haitaki. Ile tezi nayo ikachoka kweli, nikaanza kidonge cha kila siku, na kidonge hicho nilikwenda kukichukua Scarborough. Nilikwenda na pima maji. Nikapanda ngazi, nikailaza kwenye rafu ya juu, mfamasia amesimama chini ameshika kiuno. Kipovu kikakimbilia kushoto.

"Sema," akasema.

"Imepinda."

"Kwa sauti, wateja wasikie."

Nikasema kwa sauti. Nikainyoosha siku ile ile.

Kitanda cha mninga nilikimaliza, kwa barakoa ya vumbi usoni, mbao nilizoagiza mwenyewe. Kimekaa kwenye nyumba ya binti. Shingo yangu haijavimba. Kama ni kwa sababu ya mionzi, au isingevimba hata wangeiacha, hakuna anayejua, na hilo bado linanitembeza. Siku nyingine nakunywa maji kwa mara ya ishirini kabla ya mchana na kujiuliza kama niliyatoa mate yangu bure. Siku nyingine napita ziwani na sijiulizi kitu.

Kila baada ya miezi kadhaa narudi kwa yule daktari. Sasa naye ana mvi pembeni. Ananisimamia nyuma, anapitisha vidole chini ya masikio, chini ya taya, kwenye mashimo ya mabega, huku na huku, na mimi namtazama binti anayemtazama yeye. Mara ya mwisho alimaliza, akasema neno moja.

"Hakuna kitu," binti akasema.

"Ndiyo yote aliyosema?"

"Ndiyo yote, Baba. Leo ni fupi kweli."

"Mwulize kama ana uhakika."

Akamwuliza. Daktari akacheka, akajibu, na binti naye akacheka kabla ya kunipa.

"Anasema wa leo anao."

Nikafunga vifungo vya shati mpaka cha juu, nikanywa maji, nikamwambia binti twende, niliacha gundi karakana haijafunikwa.